Maswali ya Wasomaji: Kufunga na Kurekebisha Klachi ya Pikipiki Nyumbani

Barua nyingi za klachi zinazotufikia zina kilio kimoja: pleti zimebadilishwa, hela imetoka, na baada ya wiki chache ugonjwa umerudi palepale. Tumekusanya saba na kuzijibu pamoja, kwa sababu pleti haziungui bila kisa. Kuna kitu kiliziua, na usipokitafuta siku ile kava iko wazi, kitaua na hizo mpya.

Tunazungumzia zaidi injini za aina ya CG. Ni ule muundo wa Honda wa miaka ya 1970 ambao viwanda vingi vya China viliunakili, wa cc 125 hadi 200, na bado unabeba bodaboda nyingi mijini na vijijini. Wenye injini za aina nyingine watakuta kanuni ni zilezile, ila mpangilio wa vipande unaweza kutofautiana kidogo.

Nina pikipiki ya Kichina ya cc 125. Nashusha mboga Mombo na kurudi na mzigo wa dukani. Nikipanda mlima injini inalia sana lakini pikipiki haivuti, na nasikia harufu ya kuungua. Fundi anasema klachi imeisha. Nataka kuibadilisha mwenyewe nyumbani. Nianzie wapi, na ninunue nini? — Msomaji, Lushoto

Ndugu, anza kwa kuhakikisha, kabla ya kununua chochote. Shika leva ya klachi uitikise kwa kidole. Ncha yake inatakiwa itembee milimita 10 hadi 20 bure, bila uzito, ndipo springi zianze kukaza. Kama haina nafasi kabisa, basi pleti zako zimekuwa zikiendeshwa nusu zimeachiwa, na huenda ugonjwa wote ni waya uliokazwa mno. Legeza, upate nafasi hiyo, kisha ujaribu: ukiwa kwenye barabara tambarare na mwendo wa kawaida, weka gia ya juu kabisa, ongeza resi kwa nguvu. Mlio ukipanda huku mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza kweli, na itabidi ufungue.

Nunua pleti za kusugua (zile zenye vipande vya kahawia), springi 4, gasketi ya kava ya kulia na oili lita 1. Injini nyingi za CG125 zina pleti za kusugua 5 na za chuma 4 katikati yake. Za cc kubwa zinaweza kuwa na zaidi, kwa hiyo hesabu za zamani kabla ya kulipa, au nenda nazo dukani. Pleti za chuma mara nyingi hurudi kazini. Springi usizirudishe, kwani bei yake ni ndogo na zimepikwa kwenye joto lilelile lililounguza pleti. Kama oili inavuja kwenye shafti ya kiki, chukua na sili yake, maana kava ikiwa mkononi kazi hiyo ni ya dakika tano.

Kwa vifaa, tafuta spana T namba 8 na namba 10, spana 17 ya bolti ya kumwagia oili, wembe, trei, brashi, mafuta ya taa, vernia (ya kupimia unene), fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia upenyo) na kipande cha kioo cha dirisha. Utahitaji pia kifaa cha kufungulia katikati ya klachi, na hapa ndipo wengi hukwama. Kitovu cha klachi za CG hushikwa ama na saklipi (pete ya chuma iliyokatika inayobana kwenye mfereji wa shafti), ama na nati ya duara yenye mapengo manne. Ya saklipi inataka plaisi yake tu. Ya mapengo manne inataka soketi ya meno manne, na maduka ya vipuri huwa nayo. Ukiikosa, mchomeleaji anaweza kukutengenezea kwa kukata meno manne kwenye mdomo wa soketi ya zamani inayolingana na nati. Usipige nati hiyo kwa patasi na nyundo. Mapengo yatapasuka, vipande vya chuma vitaanguka ndani ya injini, na beringi ya shafti itapokea kila pigo.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mahali penye mwanga na pasipo vumbi la upepo. Pasha injini dakika mbili tatu, zima, mwaga oili. Wapo wanaoilaza pikipiki ubavu wa kushoto ili wasimwage oili. Hatushauri. Petroli hutoka kwenye tangi, maji ya betri hutoka kwenye betri, na oili iliyounguzwa na klachi haina sababu ya kurudi kwenye injini hata kama uliibadilisha juzi.

Legeza waya wa klachi kuanzia kwenye leva, kisha uutoe kwenye mkono wa injini, ule mkono mdogo ulio juu ya kava ya kulia. Toa kiki. Toa ubao wa kukanyagia miguu ulioshikwa chini ya injini, na ushushe pedeli ya breki isizuie kava. Bolti za kava hazilingani urefu, na bolti ndefu ikiingia tundu la bolti fupi hupasua ukuta wa injini. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava, toboa matundu, na kila bolti ichomeke mahali pake kwenye mchoro.

Kava ikikataa kutoka, igonge taratibu pembeni kwa mpini wa mbao. Usichomeke bisibisi kwenye maungio, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye alumini utavujisha oili hata gasketi iwe mpya. Unapoivuta, sukuma shafti ya kiki kwa kidole gumba ibaki ndani ya injini. Ikitoka pamoja na kava, springi yake itafunguka na utatumia mchana mzima kuirudisha. Angalia pia vipini viwili vya mwongozo, vile vibomba vifupi kati ya kava na injini. Wakati mwingine hubaki upande wa kava, wakati mwingine upande wa injini, na ni rahisi kuvitupa na gasketi ya zamani.

Sasa klachi iko mbele yako. Legeza bolti 4 za namba 10 zinazoshika springi, kila moja nusu mzunguko kwa zamu, kwa kuvuka msalaba, hadi springi ziishe nguvu. Ukiifungua moja mpaka mwisho huku tatu zimekaza, kifuniko kitapinda na nguzo za alumini zinaweza kuvunjika. Toa kifuniko pamoja na beringi iliyo katikati yake. Izungushe beringi hiyo kwa kidole. Ikiwa inakwaruza au inalegea, badilisha, na usome namba iliyochongwa ubavuni ili upate inayolingana.

Kwa nati ya mapengo manne, weka gia ya juu, mtu akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, nawe ufungue kwa kuzungusha kinyume cha saa. Chini ya nati kuna washa. Kama ina maandishi OUTSIDE, upande huo hutazama nje wakati wa kurudisha. Kitovu, pleti zote na pleti ya kugandamiza iliyo nyuma kabisa vitatoka kwa pamoja. Weka mezani bila kuvuruga mpangilio.

Pima sasa. Pleti mpya ya kusugua kwa injini hizi huwa karibu milimita 3, ikifika 2.6 imeisha, hata kama bado ina rangi nzuri. Pleti ya chuma ilaze kwenye kioo na ujaribu kupitisha fila ya milimita 0.2 chini yake sehemu mbalimbali. Ikipita, pleti imepinda. Pleti iliyogeuka buluu imepata moto mkali, itoe. Iliyo safi na bapa, isugue kidogo kwa msasa laini kwa mwendo wa duara, kuondoa mng'ao tu, kisha ioshe.

Kabla ya kurudisha chochote, pitisha ukucha kwenye mikono ya kikombe, yaani lile duara la nje lenye meno linalopokea masikio ya pleti za kusugua. Masikio hayo huchimba vijishimo kwenye alumini, kimoja kwa kila pleti, na ukivitazama kwa pembeni utaviona vimejipanga kama ngazi. Ukucha ukikwama kidogo, piga tupa nyembamba kwa wepesi mpaka ukuta unyooke, na ulinganishe mikono yote. Vijishimo vikiwa virefu kiasi kwamba utalazimika kula chuma kingi, nunua kikombe kingine. Pleti mpya ndani ya kikombe kilichochimbika hukwama wakati wa kuachia, na ndizo hizo barua za "nimebadilisha lakini gia ni nzito".

Kwenye ncha ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), jirani ya klachi, injini nyingi za CG zina kichujio cha oili cha kuzunguka, chenye kifuniko kidogo cha skrubu tatu. Kifungue. Utakuta tope zito la kijivu limeganda ukutani, na ukilipaka kidoleni juani litametameta kwa chembe za chuma. Likwangue kwa kijiti, osha kwa mafuta ya taa, kausha, funga. Tafuta na wavu wa oili: uko ndani ya kava ya kulia au chini karibu na bolti ya kumwagia, kutegemea injini. Vumbi la pleti zilizoungua hukimbilia huko, na wavu ukiziba, injini nzima hukosa oili.

Pleti za kusugua zilowekwe kwenye oili mpya kabla ya kufungwa. Ziache usiku kucha kama unaweza, au angalau saa kadhaa. Pleti kavu hushikana na chuma mara ya kwanza unapowasha, na huungua juu kwa juu kabla oili haijazifikia.

Kazi ya kupanga ifanyie mezani. Laza kitovu uso chini, weka pleti ya kusugua, kisha ya chuma, kusugua, chuma, mpaka ya mwisho iwe ya kusugua. Ukitazama pleti za chuma kwa karibu utaona upande mmoja una ukingo mkali na mwingine wa mviringo. Zote zitazame upande mmoja. Funika kwa pleti ya kugandamiza, nguzo zake zipite kwenye matundu ya kitovu. Panga masikio yote kwenye mstari mmoja, bana kwa springi mbili za kona zinazotazamana, bolti zake na washa pana, kisha ingiza mzigo wote ndani ya kikombe kwa mara moja. Funga nati au saklipi, toa zile springi mbili, rudisha kifuniko na springi zote nne. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo. Bolti hizi ni za milimita 6 na zinashika kwenye alumini. Nyutoni mita 10 zinatosha. Kwa asiye na spana ya kupimia, kaza kwa mkono ulioshika spana karibu na kichwa, si kwa mpini wote.

Safisha nyuso za kava kwa wembe uliolazwa, weka vipini vya mwongozo na gasketi mpya, bila silikoni. Ikibidi silikoni kwa sababu uso una mkwaruzo, paka utando mwembamba mahali hapo tu. Ile inayobanwa ikatoka nje unaiona na kuifuta, lakini nusu yake imetoka upande wa ndani, na huko inakatika vipande na kuziba wavu. Rudisha kava, bolti kila moja kwake, kaza kwa msalaba.

Mimina oili lita 0.9 kwanza, washa dakika mbili, zima, subiri itulie, kisha pima kwa kijiti. Kwenye injini hizi kijiti huchomekwa bila kukizungusha kwenye thredi. Ukikifunga utasoma oili nyingi kuliko iliyopo. Ongeza kidogo kidogo mpaka alama ya juu. Rekebisha waya kama tulivyoeleza kwa msomaji wa Mtwara hapa chini.

Kilomita 100 za mwanzo, usipande mlima na mzigo mzito na usibebe mishikaki. Baada ya hapo pima tena nafasi ya leva, kwa sababu pleti mpya zikikaa sawa nafasi hubadilika.

Nimeshafunga pleti mpya na springi. Nikiingiza gia ya kwanza pikipiki inaruka mbele na kugonga, na nikisimama siwezi kupata frii mpaka nizime injini. Mekanika ananiambia nivumilie, itazoea. Je, ni kweli? — Msomaji, Kericho

Si kweli, na usiendelee kuiendesha hivyo, kwa sababu meno ya gia ndiyo yanayopokea kila mgongano. Klachi yako haiachii yote.

Sikiliza kwanza inatokea lini. Kama ni asubuhi tu injini ikiwa baridi, gonga moja dogo, halafu siku nzima iko sawa, hiyo ni oili nzito iliyoshikanisha pleti usiku. Bana leva sekunde chache kabla ya kuingiza gia, na uangalie kama oili si nzito kuliko ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kama ni wakati wote, anza na nafasi ya leva. Ikitembea bure zaidi ya milimita 20, nguvu yako inapotea kwenye waya kabla ya kufika klachi. Tazama pia waya wenyewe: nyuzi zikikatika ndani ya ganda, waya huvutika kama mpira na mkono wa injini hausogei vya kutosha.

Kama inaharibika injini ikipata moto tu, shuku pleti za chuma zilizopinda au mikono ya kikombe iliyochimbika. Na kama imekuwa hivyo tangu dakika ya kwanza baada ya kufunga, shuku upangaji. Kosa linalojirudia ni pleti ya chuma kuteleza nje ya meno ya kitovu na kubanwa kati ya kitovu na pleti ya kugandamiza. Kwa nje kila kitu kinaonekana kimefungwa, lakini pleti hiyo haiwezi kusogea. Utaitambua kwa sababu mkono wa injini unakuwa mgumu kupita kiasi, au umesimama pembe tofauti na ile ya zamani. Fungua tena, toa vyote, panga mezani upya. Ukiwa huko, linganisha unene wa mrundo mpya wote na wa zamani kwa vernia. Tumeona pakiti za pleti zenye unene usio wake zikiuzwa kama za injini hii. Mrundo ukizidi, pleti hazina pa kuachiana.

Pikipiki ni yangu, anaiendesha kijana. Kila wiki ananiomba hela ya kurekebisha klachi. Naomba mnielekeze niifanye mwenyewe. — Mama wa bodaboda, Mtwara

Mama yetu, kazi hii inataka spana mbili ndogo na dakika kumi, injini ikiwa baridi.

Kuna mahali pawili pa kurekebishia: kwenye usukani karibu na leva, na chini kwenye injini pale waya unapoingia. Anza juu. Legeza nati ya kubania, zungusha kirekebishi kiingie ndani kabisa, kisha kirudishe nje mizunguko miwili. Hiyo ni akiba ya baadaye. Nenda chini, rekebisha nati za kwenye kishikio mpaka ncha ya leva ipate milimita 10 hadi 20 za bure. Ukisogeza ganda la waya mbali na leva kule juu, au mbali na mkono wa injini huku chini, nafasi inapungua. Ukiliacha lirudi, nafasi inaongezeka. Kaza nati zote, kisha malizia kwa kile cha juu.

Washa injini ikiwa frii, geuza usukani wote kushoto, kisha wote kulia. Mlio wa injini au uzito wa leva ukibadilika, waya umepitishwa vibaya au umebanwa na usukani, na hakuna marekebisho yatakayodumu mpaka uupitishe njia nyingine. Mwisho, weka gia ya tatu, shika breki ya mbele, achia klachi polepole ukiwa na resi kidogo. Injini inatakiwa izime. Ikiendelea kulia, klachi inateleza.

Kuhusu kijana: pikipiki iliyorekebishwa sawa haihitaji kuguswa kila wiki. Kama nafasi inapotea haraka, pleti zimefika mwisho. Kama inaongezeka haraka, waya unavutika au unakatika nyuzi moja moja. Lakini mtazame akiwa barabarani. Dereva anayelaza vidole viwili juu ya leva muda wote, au anayesimama mlimani kwa kucheza na klachi badala ya breki, humaliza pleti kwa kasi ambayo hakuna spana itaikimbiza. Mwambie kwa upole, kwa sababu wengi hawajui kuwa uzito mdogo tu wa vidole unatosha kuanza kuziachia pleti.

Klachi mpya kabisa, ilishika vizuri siku tatu, kisha ikaanza kuteleza. Nilibadilisha na oili, nikaweka ya gari maana niliambiwa ni bora zaidi. — Msomaji, Singida

Umejitajia chanzo. Klachi ya pikipiki yako inaogelea kwenye oili ya injini. Oili nyingi za magari madogo zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo, na msuguano huo ndio klachi yako inaoutegemea ili ishike. Geuza galoni utazame duara la API: sehemu ya chini ikiwa na maneno Resource Conserving au Energy Conserving, oili hiyo si ya pikipiki yenye klachi ya aina hii. Tafuta iliyoandikwa JASO MA au MA2, ambavyo ni viwango vya Kijapani vya pikipiki zenye klachi inayolowa oili. JASO MB ni ya skuta zenye klachi kavu, iache. Dawa za chupa za kuongeza kwenye oili nazo ziache.

Mwaga oili yote ikiwa moto, weka ya MA, endesha siku mbili bila mzigo, mwaga tena, weka nyingine. Mara nyingine pleti hurudi. Zikikataa, zitoe uzitazame: uso ukiwa unang'aa na mgumu kama uliopakwa vanishi, zimeshakufa.

Fundi ameweka washa chini ya kila springi na pikipiki sasa inavuta kama mpya. Je, ni sawa kuacha hivyo? — Msomaji, Katoro

Itakufikisha nyumbani, basi. Washa inaibana springi zaidi, kwa hiyo pleti zilizokwisha zinashika kwa muda. Lakini springi iliyobanwa kabla haina nafasi ya kubanwa tena unapovuta leva, na koili zake zinaweza kugusana kabla pleti hazijaachiana. Leva inakuwa nzito, waya unakatika mapema, na beringi ya katikati inaliwa. Pleti bado ni nyembamba vilevile. Nunua seti, na washa hizo zitoke siku hiyohiyo.

Bolti moja ya springi imekata thredi kwenye nguzo. Nikaze tatu zilizobaki? — Msomaji, Masasi

Hapana. Springi tatu zinasukuma upande mmoja, pleti zinashika kwa mshazari, na bolti ya nne iliyolegea ikitoka itaingia kwenye meno ya gia. Duka likiwa na pleti ya kugandamiza, nunua hiyo, ndiyo njia fupi. Vinginevyo mchonga vyuma mwenye seti ya koili za kurudishia thredi za milimita 6 anaweza kuitengeneza nguzo ikiwa haijapasuka. Gundi ya chuma haidumu kwenye oili moto.

Kama kikombe nacho kimechimbika, wakati mwingine klachi nzima, yenye kikombe, kitovu na pleti zake, haizidi sana bei ya kununua kimoja kimoja. Ukienda kuinunua beba kikombe cha zamani na uhesabu meno ya gia iliyo nyuma yake, moja baada ya nyingine. Vikombe vya cc 125, 150 na 200 vinafanana kwa macho lakini idadi ya meno inaweza kutofautiana, na gia isiyolingana na ya kwenye krenki haiingii, au inaingia na kulia mpaka ivunjike. Shika pia gia hiyo na kikombe uvizungushe kinyume: zikicheza sana, springi au raba za nyuma zimekufa, na ndizo hutoa ule mlio wa kugongagonga injini ikiwa frii unaotulia ukibana leva.

Yangu haina leva ya klachi, ni ya cc 110, unabadilisha gia kwa mguu tu. Nayo inarekebishwa? — Msomaji, Babati

Inarekebishwa, na ni rahisi kuliko zote. Kwenye kava ya kulia kuna skrubu katikati ya nati ya kubania. Nyingine zina kifuniko kidogo juu yake. Zima injini. Shika skrubu kwa bisibisi, legeza nati kwa spana. Zungusha skrubu kufuata saa mzunguko mmoja, usizidishe. Kisha irudishe kinyume cha saa taratibu mpaka uhisi ukinzani mdogo, simama hapo. Izungushe tena kufuata saa moja ya nane ya mzunguko, ishike isisogee, na ukaze nati.

Washa, ingiza gia ya kwanza. Injini isizime na pikipiki isiruke mbele. Endesha kidogo: ikiondoka kwa uzito na mlio ukipanda bila mwendo, rudia kwa kuongeza kidogo ile moja ya nane ya mwisho. Ikigonga kila unapobadilisha gia, ipunguze kidogo. Ukirudia mara mbili tatu bila nafuu, fungua kava, kwa maana pikipiki hizi zina klachi mbili ndani. Ile ya kwenye krenki, inayoshika kwa mzunguko wa injini, ina viatu vyake vinavyoisha, na skrubu ya nje haivifikii.